Hati ya fleti ilikuwa safi, jengo ndilo lililokuwa na maneno

Fleti aliyoipenda dada yangu ilikuwa na hati safi. Majina ya wauzaji yamo, sahihi na muhuri wa msajili vipo, rehani hakuna, zuio hakuna. Dalali aliileta nakala ndani ya bahasha ya kaki, akaigonga kwa kidole na kuniambia, "Kaka, hapa huna la kuuliza. Lipeni mkabidhiwe ufunguo." Jengo liko Nyali, Mombasa, ghorofa nne, fleti 16, na ukisimama kwenye roshani ya nyuma upepo wa bahari unakufikia. Mwaka ulikuwa 2022. Dada yuko Doha, anafanya kazi hospitalini. Pesa zake, miguu yangu.

Niliisoma ile nakala kuanzia juu. Kabla haijataja chumba hata kimoja, ilitaja kampuni iliyojenga, ikasema kampuni hiyo ndiyo yenye ardhi kwa hati ya namba fulani ya CR, yaani namba ya usajili wa ardhi, Sehemu ya Kwanza, Bara Kaskazini. Kwamba inampa mnunuzi fleti kwa miaka yote iliyobaki ya ardhi ile kasoro siku chache. Na kwamba mnunuzi atapata hisa moja katika kampuni ya usimamizi wa jengo. Kwa hiyo karatasi ile ilisimama juu ya nyingine mbili, hati ya ardhi na daftari la hisa za kampuni, na zote mbili hazikuwamo kwenye bahasha.

Fleti nyingi za Kenya ziliuzwa hivyo kwa miaka mingi. Mjenzi anabaki na hati mama ya kiwanja kizima. Kila mnunuzi anaandikiwa upangaji wa muda mrefu, unasajiliwa, naye anauita hati. Ngazi, paa, uwanja, kisima, tangi la maji machafu, ukuta na lango havimo katika hati ya yeyote. Vinabaki chini ya hati mama, na ahadi ni kwamba siku fleti ya mwisho itakapouzwa, mjenzi ataihamishia kampuni ya usimamizi ardhi yenyewe, na kampuni hiyo hisa zake zitakuwa za wenye fleti. Ahadi nzuri. Aliyeitoa ndiye anayetakiwa kuitimiza baada ya kulipwa kila senti yake, na hapo ndipo majengo mengi yamekwama.

Mimi nimezaliwa mtaa wa Majengo, kwenye nyumba bila ardhi. Asiyeijua Mombasa huenda asinielewe: nyumba ni ya baba, aliijenga kwa udongo kisha akaitia matofali kidogo kidogo, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi kuna mtu wa kulipwa kodi ya ardhi. Ukiiuza unauza kuta na paa. Wazee wakiuziana nyumba za namna hiyo walikuwa wanakwenda kwanza kwa mwenye kiwanja, tena na mashahidi. Mtu huyo huyo wa Majengo akifika Nyali akaona vigae na geti la umeme, swali la kiwanja linamtoka kichwani. Sijui ni kwa nini. Labda ghorofa ya pili humfanya mtu aone ardhi iko mbali.

Wakili wetu hakubishana na dalali. Alisema tu, "Sachi ya fleti tumeiona. Sasa tufanye ya mama yake." Sachi ni kuomba ofisi ya ardhi ikuonyeshe rekodi ya hati, na ya hati mama inaombwa kama nyingine yoyote: nakala ya hati au namba yake, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), malipo ya serikali. Kazi ilikuwa faili. Ofisi ya ardhi faili linaweza kuwa mezani kwa mtu, au kwa mpima, au "limetoka" bila kujulikana limekwenda wapi, na karani wa wakili alikwenda mpaka akazoeleka na walinzi wa mlangoni. Lilipopatikana lilikuwa nene, limefungwa kwa uzi, pembe zimeliwa.

Ukiwa na majibu ya sachi ya hati mama ya jengo la fleti, usitafute jina la mwenye mali ukaacha hapo. Soma maingizo kwa mpangilio wa tarehe, maana historia ya jengo yote imo. Letu lilianza na ardhi ya serikali ya miaka 99 kuanzia 1975. Baadaye kampuni ya mjenzi ikanunua. Mwaka uliofuata, rehani ya benki, ile ya kujengea. Halafu zikaanza kuingia fleti, na hapa ndipo wakili alipovuta kiti. Kila fleti ilikuwa na maingizo mawili yanayofuatana: benki inaiachilia fleti hiyo kutoka kwenye rehani, kisha upangaji wa mnunuzi unasajiliwa. Alikwenda na kalamu ya risasi, moja moja, akiweka alama. Yetu ilikuwa na maingizo yote mawili, ya siku moja. Ingekosa lile la kwanza, tungekuwa tunanunua kitu ambacho benki bado ina haki ya kukishika kwa deni la mjenzi.

Alama zilipofika 14 maingizo yakaisha. Fleti 16, waliosajiliwa 14. Mbili za ghorofa ya juu hazikuwa na upangaji wowote. Bado ni za mjenzi, ingawa zina wapangaji na mapazia. Rehani ya benki nayo ilikuwa haijafutwa, na jina la mwenye ardhi lilikuwa lile lile la kampuni. Kumbe kigezo cha "fleti ya mwisho ikiuzwa" hakijafika, na mjenzi akitaka kisifike, anaziweka zile mbili maisha.

La rehani lilimalizika bila kelele. Benki iliandika barua kwamba deni lililipwa zamani, na karatasi ya kufuta rehani ilitolewa ila hakuna aliyekwenda kuisajili. Mambo ya aina hii ni mengi kuliko wizi. Watu wakiogopeshwa kuhusu ardhi huambiwa habari za matapeli tu, lakini mimi nilichokiona kwenye lile faili ni uvivu zaidi, na ada ndogo ambazo kila mtu alidhani mwenzake atalipa.

Tukaja kwenye kampuni ya usimamizi. Muuzaji alikuwa na cheti cha hisa, kimepigwa chapa kwenye karatasi nzito yenye pambo la kijani pembezoni. Wakili akaomba CR12 kupitia eCitizen, ile karatasi ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa kama walivyo kwenye rekodi ya serikali. Ilirudi na majina mawili, wote wa upande wa mjenzi, wakurugenzi wao na wenye hisa wao. Wenye fleti 14, wenye vyeti vyenye pambo la kijani, hawakuwamo hata mmoja. Vyeti vilitolewa, hisa hazikuhamishwa. Na taarifa za kila mwaka za kampuni zilikuwa hazijapelekwa kwa muda mrefu kiasi kwamba msajili angeweza kuifuta wakati wowote.

Nikajiuliza: basi nani analipa mlinzi? Nani ananunua pampu ikiungua? Jibu lilikuwa ghorofa ya tatu.

Wenye fleti walikuwa na kamati. Haina usajili, ina kundi la WhatsApp, mwenyekiti anayeishi Kilifi, na mweka hazina, bibi mmoja mwalimu mstaafu. Nilipanda kumwona jioni, nikabisha hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mnunuzi wa namba saba?"

"Ni dada yangu, bibi. Mimi nimetumwa kuuliza."

"Uliza. Waliokuja kabla yako waliuliza maji yanatoka siku ngapi, wakaenda zao." Akaingia ndani, akarudi na daftari la jalada gumu, lile la kurasa mia mbili. "Mali bila daftari huisha bila habari. Haya, soma."

Nimeona hesabu za kampuni zilizokaguliwa ambazo hazifikii lile daftari. Kila fleti ina ukurasa wake. Wino wa bluu aliyelipa, mwekundu anayedaiwa, na pembeni maelezo mafupi kwa mwandiko wa ubao: "yuko safarini, atalipa Juni", "amepewa notisi", "amelipa kwa M-Pesa, namba ya ujumbe hii". Ukurasa wa namba saba ulikuwa mwekundu kwa miezi 19. Muuzaji wetu hakusema habari hiyo. Dalali hakusema. Kwenye hati haiwezi kuonekana, na kwa desturi ya majengo, deni la ada ya huduma linamfuata aliye ndani, hasa ikiwa yeye ndiye anayetaka maji.

Kurasa za zile fleti mbili za juu zilikuwa nyekundu tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Hawa hawajalipa hata mwezi?"

"Mwenyewe anasema jengo ni lake, hawezi kujilipa." Bibi akacheka kidogo, akafunua ukurasa wa nyuma kabisa. "Na hili ulijue. Juu ya paa kuna mlingoti wa simu. Kodi yake inaingia kwake. Tumeandika, tumepiga simu, anasema tusome hati zetu, paa limeandikwa wapi?"

Na kwa bahati mbaya alikuwa na hoja. Hakuna hati ya fleti iliyoandika paa. Maadamu hati mama iko kwa jina lake, paa ni lake, na wenye fleti wana haki ya kufunikwa nalo tu. Ndipo nilipoona kazi ya ile sachi kwa macho: jina moja kwenye karatasi ya ofisi ya ardhi linaamua pesa ya mlingoti iende mfuko gani, miaka 15 baada ya watu kuhamia.

Bibi alinionyesha na bili ya reti, yaani kodi ya kiwanja inayolipwa kaunti. Bili moja, ya kiwanja kizima, kwa namba ya hati mama. Wenye fleti walikuwa wakichangishana kulipa, lakini sehemu ya zile fleti mbili za juu ilikuwa haijawahi kulipwa, riba ikapanda juu ya riba. Hili ndilo lingetukamata baadaye kama tungekimbilia kusaini. Ili uhamisho usajiliwe, kunatakiwa cheti cha kaunti kwamba kiwanja hakidaiwi, na vilevile cheti cha kodi ya ardhi ya serikali kuu kwa ardhi ya miaka maalumu kama ile. Kaunti haina cheti cha fleti namba saba. Ina cheti cha kiwanja, au haina. Kwa maana hiyo deni la mtu usiyemjua, wa ghorofa ya nne, linazuia jina lako lisiingie kwenye rejista.

Upande wa wauzaji nao kulikuwa na lao. Hati ilikuwa na majina mawili, mume na mke, kila mmoja nusu, wote wanaishi Muscat. Aliyekuwa akizungumza nasi ni ndugu wa mume, mtu muungwana kabisa, mwenye hati ya uwakala iliyosajiliwa vizuri. Wakili aliisoma mara mbili kisha akanisogezea. Ilimpa ndugu uwezo wa kukodisha, kukusanya kodi na kufanya matengenezo. Kuuza hakumo. Tena alikuwa amesaini mume peke yake. Nilipomweleza, yule ndugu hakukasirika, alisema, "Ami, hata mimi sikuisoma, nilitumiwa tu." Ikabidi iandikwe mpya, mume na mke wote wasaini ubalozini Muscat, ije isajiliwe hapa. Wiki zikapita hapo, na dalali akawa hapokei simu zangu kwa furaha ile ya mwanzo.

Nina ndugu walioniambia tuache, tutafute kwingine. Lakini kwingine nako ni hivi hivi, na jengo ambalo umeshayajua madeni yake lina afadhali kuliko lile unaloambiwa halina. Zaidi ya hayo, sheria ilikuwa imebadilika, na hili ndilo lililotufanya tuendelee. Sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuifuta ile ya 1987. Kwa sheria hiyo, mpima ardhi anachora ramani ya sehemu, kila fleti na mipaka yake, kaunti inaiidhinisha, inasajiliwa, na hati mama inafungwa. Kila fleti inapata hati yake yenyewe. Ngazi, paa na uwanja vinakuwa mali ya wenye fleti wote, kila mmoja kwa kiwango kilichoandikwa kwenye ramani, na siku ramani inaposajiliwa linazaliwa shirika la wamiliki ambalo wanachama wake ni wenye fleti wenyewe, haihitaji mjenzi agawe hisa. Majengo ya zamani yalipewa miaka miwili kubadilisha, ilimradi ardhi ya kukodi iwe imebakiwa na miaka isiyopungua 21. Yetu ilikuwa na zaidi ya 50.

Na mjenzi akikataa kutoa hati mama? Sheria iliwafikiria watu kama wetu. Kampuni ya usimamizi au mwenye fleti anaweza kuanzisha ombi, na msajili ana uwezo wa kuendelea bila ile hati ya asili kuletwa, na kuweka zuio ili mjenzi asiiuze wala kuiweka rehani wakati huo. Wakili alipomsomea bibi mweka hazina kifungu hicho kwa simu, alimwambia arudie polepole, anaandika.

Kwa hiyo maswali yangu kwa jengo lolote la Kenya sasa yanaanzia hapo: mmebadilisha? Kama bado, ramani imeanza? Nani anamlipa mpima? Wenye jengo wakijibu kwamba hawajui unazungumza nini, nimeshajua mengi.

Michoro nayo hufichua vitu. Dalali alikuwa ameinadi fleti yetu kwa maegesho mawili na "haki ya kuanikia juu". Kwenye mchoro uliobandikwa nyuma ya hati kulikuwa na maegesho moja, nyuma ya tangi la maji machafu, na juu ya paa hakuna haki ya mtu. Maegesho ya pili yalikuwa mazoea. Muuzaji alikuwa na magari mawili na sauti kubwa. Tuliyapunguza kwenye bei bila huruma.

Mkataba ulipoandikwa, wakili aliweka mambo manne ambayo mkataba wa kawaida hauna. Asilimia kumi ya kwanza ikae kwa wakili wa wauzaji kama amana, isiguswe mpaka rehani ifutwe rasmi na uwakala mpya usajiliwe. Miezi 19 ya ada ya huduma ikatwe kwenye bei na ilipwe moja kwa moja kwa kamati, na bibi aandike barua kwamba namba saba haidaiwi. Sehemu yetu ya reti ilipwe na wauzaji mpaka siku ya makabidhiano. Na kiasi fulani kizuiwe kwa ajili ya gharama ya ramani mpya, kwa kuwa manufaa yake tungeyapata sisi lakini uchelewaji ulikuwa wao. Muda wa kukamilisha haukuwa zile siku 90 za mazoea, ungekuwa mzaha. Wauzaji walinung'unika kwa hilo la nne, wakakubali nusu.

Deni la reti la ghorofa ya juu lilihitaji mkutano. Walikaa uwanjani kwa viti vya plastiki, wengine kwa simu kutoka Jeddah na London, na baada ya maneno mengi walikubaliana kulilipa wote kisha wamdai mjenzi kwa pamoja, badala ya kila anayetaka kuuza au kurithisha kukwama peke yake. Mimi nilikaa nyuma kwa kuwa sikuwa na kura. Bibi alisoma madeni kutoka kwenye daftari kwa sauti, namba kwa namba, bila kutaja jina la mtu, na kila namba iliposomwa kuna kichwa kilichoinama.

Cheti cha kaunti kikapatikana, ushuru wa stempu wa asilimia nne ukalipwa, na jina la dada likaingia. Ile miaka miwili ya sheria ilikuwa imekwisha na jengo bado halijabadilishwa. Mpima alikuwa ameshachora, kaunti ikairudisha ramani mara moja kwa sababu fleti za juu zina chumba kimoja kila moja ambacho hakimo kwenye michoro ya ujenzi iliyoidhinishwa. Mjenzi alikiongeza alipoona nafasi. Sasa ni yeye anayehitaji wenzake ili vyumba vyake viingie kwenye ramani, na bibi amemwandikia kwamba watayazungumza hayo pamoja na kurasa zake nyekundu. Kodi ya mlingoti bado inaingia kwake. Barua ya mwisho ya wamiliki ilipelekwa na nakala kwa kampuni ya simu yenyewe, ikiwa na picha ya zuio lililosajiliwa kwenye hati mama, na dada amelipa mchango wake wa wakili kwa fungu sawa na wengine.